Macho ya Shemeji kwenye Kadi Yangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekwisha! Msimamizi katangaza leo: sisi madereva wa malori yanayoshuka ghala la chini ya ardhi lazima tupimwe macho. Si kule kusoma herufi ukutani. Kuna chumba cha giza! Unafungiwa humo nusu saa, kisha unawashiwa taa hafifu na kuulizwa unaona nini. Mimi nitaona nini? Tangu Januari, nikitoka juani na kuingia sebuleni najigonga kwenye kabati. Marehemu baba alianza hivihivi. Akaishia kupapasa kuta. Mke wangu sijamwambia. Nimemwambia kabati limesogea.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Njia imepatikana! Kadi ya kliniki haina picha. Na Shemeji, kaka wa mke wangu, dereva wa akiba pale kazini, hujigamba kwamba anaona sindano ndani ya gunia. Zamu yake ya kupimwa ni mwezi ujao. Nikamwomba aende kwa jina langu. Kacheka mpaka kakohoa, halafu kataka saa yangu ya mkononi. Nimempa. Imeniuma kama jino.

Kaenda mchana. Karudi kanuna, eti mashine yao kimeo, kisha huyo, chooni. Tumbo lake halijatulia tangu mwaka jana. Kakonda mwili mzima isipokuwa mdomo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekwenda kuchukua majibu kifua mbele. Aliyempima Shemeji ni msaidizi, kwa hiyo Daktari hakunishuku. Mama mpole. Kanikalisha. Kasema hali si nzuri.

Kanichorea jicho. Nyuma yake kuna seli nyembamba kama vijiti, ndizo zinazoona penye mwanga mdogo. Nilidhani gizani zinalala. Kumbe gizani ndiko hazinyamazi! Humwaga kemikali mfululizo, kama zinaita giza, giza, giza. Mwanga ukizigusa, zinapunguza kelele. Seli za jirani zikisikia kimya hicho hupeleka habari mpaka kwenye ubongo: kuna mwanga! Sasa za kwenye kadi hii, kasema, zimepungukiwa na rangi ya kunasa mwanga, inayotokana na vitamini A. Taa hafifu inawaka, zenyewe bado zinaita giza.

Kaniuliza kama nimeharisha kwa muda mrefu. Nikakana. Kashangaa. Kasema dawa ipo, ila nikichelewa jicho litakauka na kupata vidonda, na kuona kusirudi tena.

Haya macho si yangu! Ni ya Shemeji! Na nikisema, kazi sina. Nimerudi nyumbani nimefunga mdomo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Msimamizi kasoma majibu, kaniondoa kwenye lori. Kampa nani? Shemeji!

Saa nne asubuhi nikamwona anarudisha lori kinyumenyume, kutoka jua kali kushuka ghalani. Chini kuna taa mbili tu, na wapakuzi wanne. Nikajiambia ataona. Nikajiambia tena. Kisha nikasikia mtu anapiga yowe huko chini.

Sijui nilifikaje. Nilipiga bodi la lori kwa ngumi. "Simama! Shemeji, simama!"

Kasimama. Mpakuzi mmoja alikuwa amejibana ukutani, macho kayafumba. Kati yake na tairi, hatua moja. Moja!

Nikamwuliza Shemeji kama hakumwona. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Sikuona mtu," kasema kwa sauti ndogo. "Hata kwenye kile chumba sikuona kitu. Niliogopa ungenicheka."

Mimi nimcheke? Nimekwenda kwa Msimamizi nikamwaga yote. Si ushujaa. Meno yalikuwa yanagongana.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Shemeji kaanza dawa. Tumbo ndilo lilikuwa halinyonyi vitamini, nalo linatibiwa. Daktari kasema tumewahi. Mke wangu haongei nami tangu Ijumaa, sahani ananisukumia kama ya mfungwa.

Leo zamu yangu, mimi mwenyewe. Mlango ukafungwa. Giza zito. Nikahesabu mapigo ya moyo, nikapotea kwenye mia tatu. Nikamwona Baba anapapasa kuta. Nikataka kupiga kelele nitolewe, ulimi ukagoma. Seli zangu zote zinaita giza, na mimi pamoja nazo. Halafu, mbele yangu, kitone. Kidogo kama punje ya mtama. Kinang'aa! Nimelia kama mtoto.

Daktari kasema macho mazima. Najigonga kwa sababu natoka juani mbiombio, na seli zinahitaji muda kuzoea. "Subira ndiyo huna, baba." Msimamizi kanipa barua ya onyo na wiki ya kufagia gereji. Nimeapa: hila basi! Sitarudia maishani.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Tangazo jipya ubaoni. Wiki ijayo tunapimwa masikio! Langu la kushoto linavuma tangu jana. Na likiwa linakufa?

Jirani yetu fundi redio ana masikio ajabu. Anasikia waya uliolegea ukiwa ndani ya boksi. Nimepita kwake jioni, nikamwuliza kwa upole kama kuna kitu anahitaji. Kasema viatu. Nimepima kwa jicho: miguu yetu sawasawa.