Feni ya Nyabusozi Imefaulu kwa Asilimia Sabini na Mbili

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji cha Ujamaa cha Nyabusozi. Ndugu Katibu wa Kijiji. Ndugu Katibu Msaidizi, ambaye ndiye aliyeniletea kiti hiki chenye mgongo. Ndugu mabalozi wa nyumba kumi kumi, mliopo na mliotuma udhuru kwamba mnapalilia. Ndugu Kamanda wa Mgambo. Ndugu Mwalimu Mkuu, mwenye chumba. Ndugu Padri na Ndugu Shehe, ambao nimewaketisha benchi moja kwa makusudi ya umoja. Kina mama wa safu ya nyuma. Wazee, vijana, wakulima na wafanyakazi. Ndugu wananchi, kwa ujumla wenu na mmoja mmoja.

Anayesimama mbele yenu ni mimi, Kazimili Nshoma, Katibu Mtendaji wa Kamati Ndogo ya Hewa ya Kusukumwa, kamati ambayo kabla yangu haikuwapo (makofi), na nasimama ndani ya chumba ambacho hadi mwezi uliopita kilikuwa darasa la tano na leo, kwa uamuzi wangu, ni maabara ya kwanza ya feni kuanzia hapa mpaka Lusahunga, ili niwatangazie matokeo ya upimaji wa pafomansi, yaani utendaji, wa feni ya sentrifugo itakayokausha mahindi ya kijiji katika mwaka huu wa 1979, mwaka ambao vijana wetu wako vitani na wanahitaji kula. (Makofi marefu.)

Naona mkono nyuma. Ni mama Kankindi, kiongozi wa kina mama. Shikamoo, mama.

("Marahaba, mwanangu. Tunaomba ufunguo wa ghala. Mahindi tuliyavuna na mvua, yamelala mle wiki tatu, ukitia mkono katikati unaona moto. Leo jua limetoka. Lori la jeshi linakuja keshokutwa, na kitakachobaki ndicho chakula chetu. Mwanangu Faustini yuko huko mbele. Sitaki apelekewe uvundo." Minong'ono.)

Hoja yako, mama, nimeipokea, nimeiingiza katika kumbukumbu, na nitaijibu mahali pake, kwa maana hotuba ina mpangilio. Ufunguo ninao hapa mfukoni na uko salama. Mnakumbuka vizuri kwamba Agizo Namba Nne la Kamati linakataza kuanika mahindi kienyeji juu ya mikeka, yakidonolewa na kuku, wakati teknolojia iko njiani. Hatuwezi kumpelekea askari wa kisasa mahindi yaliyokaushwa na jua lile lile lililokausha ya babu zetu. (Mtu mmoja anakohoa.)

Sasa, feni ya sentrifugo ni nini? Msiifananishe na feni za dari za maofisini, ambazo hukoroga hewa ile ile mliyokwisha kuivuta. Hii ina nyumba ya bati iliyojikunja kama konokono, na ndani yake linazunguka gurudumu lenye mapanga. Hewa inaingia kwenye kitovu, inatupwa pembeni, inabanwa, inatokea mdomoni kwa presha, inapita chini ya mahindi, na mahindi yanakauka bila kumhusisha kuku yeyote. (Kicheko na makofi.) Lakini serikali makini hainunui feni kwa kuitazama sura, kwa hiyo tulitengeneza mtambo wa kitaalamu wa kupimia: bomba la mbao la mraba, urefu wa mita sita, lililopigwa randa na fundi Ndassa; mwisho wa bomba, kilango cha kuongeza na kupunguza hewa; ubavuni, mrija wa kioo uliokunjwa, wenye maji yaliyotiwa wino mwekundu wa Mwalimu Mkuu. Hewa ikisukuma, wino unapanda. Ukipanda, mimi naandika.

Na ulipanda, ndugu wananchi. Kilango kikiwa wazi kabisa, milimita mbili. Kikiwa nusu, milimita tatu. Kikiwa kimefungwa, milimita tano. Na mara moja, Restituta wa safu ya nyuma alipopiga chafya mle ndani, ulipanda milimita tisa na nusu ukanirukia kwenye shati. (Kicheko kikubwa kutoka safu ya kina mama.) Shati hilo nimelihifadhi kama data. Baada ya hapo nilikokotoa efishensi, yaani ufanisi, nikarudia kukokotoa ili kujiridhisha, na kwa kuwa jibu la pili lilikuwa kubwa zaidi, kamati iliazimia kwa kauli moja kuchukua la pili: asilimia sabini na mbili nukta nne. (Makofi. Padri anamwuliza Shehe jambo, wote wawili wanainamisha vichwa.)

Zingatieni pia sifa za ziada, ambazo wataalamu wa nje hawataamini. Feni hii haikutumia petroli, na mnajua petroli yote inakwenda vitani. Haikutumia umeme, ambao hatuna. Haikutoa moshi. Ngurumo yake ilikuwa na mahadhi, karibu niseme ilikuwa na kiitikio. (Kicheko.) Saa sita mchana ilisimama yenyewe, na iliporejea baada ya uji mizunguko iliongezeka kwa theluthi nzima, jambo linaloonyesha kwamba ni mashine inayothamini hali za wafanyakazi. (Kicheko kisichoisha. Mwenyekiti anagonga meza.)

Mama Kankindi, mbona umesimama tena?

("Jua limeshafika utosini, Ndugu Katibu. Nina hofu, nakwambia kweli. Mahindi hayangoji.")

Nakuomba uvute subira, mama, nimebakiza ahadi tu. Ndugu wananchi, katika awamu ya kwanza, kila kijiji cha wilaya hii kitapata feni moja. Katika awamu ya pili, wenzetu wa Kanazi kule Ngara, ambao mjumbe wao yuko dirishani, watapata feni mbili, kwa sababu wana vilima na hewa yao inateleza. Ifikapo mwaka 1985 tutakuwa na ziada ya hewa ya kuuza nchi za nje. Waulizeni waliosoma: hakuna nchi isiyotumia hewa. (Makofi. Mjumbe wa Kanazi anaandika.) Na yote haya yameanzia katika kichwa kimoja, ambacho kwa unyenyekevu sitakitaja, ila mnakiona.

Tusimame. Nikisema "Hewa", mseme "Izunguke". Hewa! ("Izunguke.") Hewa! ("Izunguke.") Mahindi! ("Ufunguo.") Hilo la mwisho hatukukubaliana.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi Ndassa kwa bomba. Namshukuru Mwalimu Mkuu kwa wino. Na zaidi ya wote nawashukuru kina mama ishirini na wanne, mlioingia kwenye bomba kwa zamu, wanane wanane, mkapunga nyungo zenu kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa maana ndugu zangu, feni ni ninyi. Nyingine haipo. Haijaagizwa, haijawahi kuagizwa, kwa sababu Fomu Namba Saba ya kuagizia feni inadai iambatishwe na matokeo ya kupimwa kwa feni hiyo hiyo. Nilikaa na fomu hiyo siku tatu bila kula. Mtu mdogo angekata tamaa. Mimi niliomba nyungo.

Limebaki jambo moja dogo, na hapa nasema kama ndugu yenu, maana sikulala. Kesho wakaguzi wanatoka mkoani kuja kuisikia feni ikinguruma, na ninawaogopa. Nawaomba kina mama, kesho saa mbili, muwe ndani ya bomba na nyungo zenu.

(Mama Kankindi: "Tutakuja, mwanangu. Lakini nyungo uliamuru zifungiwe ghalani, kwamba ni vifaa vya maabara. Mahindi yakamwagwa juu yake. Ziko chini kabisa, ukutani." "Chini kiasi gani, mama?" "Itabidi yatoke yote. Mpaka punje ya mwisho." Mwenyekiti anatazama dari.)

Yote. Basi, kwa mamlaka niliyonayo, na kama hatua ya kitaalamu ya kufikia vifaa, naagiza ghala lifunguliwe mara moja na mahindi yatolewe nje. Yakishatoka msiyarundike, yatazuia njia ya wakaguzi. Yatandazeni kwenye mikeka, kwa unene wa kiganja, na mtu akae na fimbo kwa ajili ya kuku. Katika ripoti tutaandika feni. Ufunguo huu hapa, mama.

(Vifijo. Mabenchi yanaanguka. Safu ya nyuma inatoka, kisha ya katikati, kisha Padri na Shehe, Shehe akiwa amebeba mkeka wa jukwaani.)

Ndugu wananchi, sijafunga hotuba. Nilikuwa nimeandika aya mbili za asante. Ndugu Mwenyekiti, hata wewe? Unakwenda wapi?

("Kuanika.")