Dakika Tisa za Kuongea na Nabwire

Jumatatu, 3 Julai 1989
Mvua. Baridi imeingia hadi kwenye soksi. Lakini nina furaha! Mzee Hussein, tajiri wangu wa malori, amenunua mashine ya kutuma faili za kompyuta kwa simu hadi ofisi yake ya Nairobi. Mwendeshaji ni mimi. Macharia, karani mwenzangu, amenuna. Anataka faili ziende kwa basi, kama mayai. Mshamba!

Nairobi anayepokea ni Nabwire. Sijawahi kumwona. Juzi kwa simu aliniuliza, "Umeamkaje, Gathogo?" Tangu mama afariki hakuna aliyeniuliza hivyo. Hapa Munyaka majirani hubisha wakitaka kiberiti tu.

Jumanne, 4 Julai
Hesabu! Orodha ya wakulima wanaongojea mbolea ina herufi elfu sabini na mbili. Kwenye mashine pameandikwa 1200 kwa sekunde. Gawanya. Sekunde sitini. Dakika moja!

Nimemwambia Mzee Hussein inahitaji dakika kumi. Alishtuka, akasema simu ya Nairobi si maji ya mto. Mwishowe akakubali: kumi, na ikizidi atang'oa waya mwenyewe. Kwa hivyo tisa ni zangu. Mbili za hali ya hewa, tatu za kwao Busia, nne za kuuliza kama ana mtu. Jioni nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Nilicheka mahali pa kucheka.

Jumatano, 5 Julai
Balaa. Nilimsalimia Nabwire, nikabonyeza, mashine ikalia kama paka aliyefungiwa nje. Dakika ikapita. Ya pili. Ya tano! Mzee Hussein mlangoni, macho kwenye saa. Faili ilikwisha dakika ya kumi kamili. Nikanyakua simu.

"Nabwire..."

"Imefika. Asante."

Mzee akaniondolea simu mkononi. Halafu akanipongeza! "Umesema kumi, imekuwa kumi. Wewe ni mtu wa ukweli." Nusura nilie.

Nimefungua kitabu cha mashine, ambacho nilikuwa nikiweka kikombe juu yake. Kumbe ile 1200 ni biti, vijipande vya herufi, si herufi zenyewe! Na kila herufi husafiri na biti kumi. Uongo wangu ndio uliokuwa hesabu sahihi.

Alhamisi, 6 Julai
Mzee ameniamini, hasimami mlangoni tena. Orodha ya leo ni ndefu vilevile, na nusu ni wakulima wa kijiji cha Ziwa. Nikiwatoa, dakika tano tu. Zinazobaki ni zangu. Ziwa nitawatuma baadaye.

Imefaulu! Nikamuuliza Nabwire kama huko Nairobi kunanyesha. Akasema hapana. Maneno yote niliyopanga yakatoroka. Nikamwambia huku kunanyesha. Akasema pole. Sikukata simu. Yeye pia hakukata. Nilikuwa nikisikia anavyopumua. Sijapata dakika nzuri kama hiyo mwaka huu.

Kisha radi. Laini ikafa, na haikuamka siku nzima. Ziwa hawakutumwa.

Ijumaa, 7 Julai
Malori yamefika kutoka Nairobi na mbolea ya watu wote isipokuwa wa Ziwa. Mama Waceke ametoka huko, leso imelowa, matope hadi magotini. Amengoja lori kando ya barabara tangu alfajiri. Mahindi yake yanageuka manjano. Nikamweleza majina yalikuwa mengi, simu haikutosha.

"Langu ni Waceke tu," akasema. "Lingejaza nini?"

Mzee Hussein alikuwa amesimama nyuma yetu. Alikuwa na maneno, tena mengi. Kuanzia Jumatatu Macharia atapeleka faili Nairobi mwenyewe, kwa basi. Lori moja litarudi Nairobi usiku huu, na kesho mimi nitabeba magunia ya Ziwa kwa mgongo wangu.

Jumamosi, 8 Julai
Nimebeba. Mgongo si wangu tena. Mama Waceke hakuninunia. Alinipakulia githeri, akanisukumia kigoda karibu na moto. Alisema watoto wake wako mbali, nyumba imekuwa kubwa, na kama sina pa kwenda Jumapili nije tu. Nikamwambia nina shughuli nyingi, nikala nimesimama, nikaondoka.

Jumapili, 9 Julai
Hakuna shughuli. Nimefua shati. Limekataa kukauka. Sijaongea na mtu.

Jumanne, 11 Julai
Macharia amerudi. Anasema Nabwire ni mtu mzuri, anawauliza watu wote wameamkaje, hata madereva. Hata yeye ameulizwa! Sikutaka kusikia zaidi. Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua kidogo.

Mchana Mzee Hussein ametangaza amefungua ofisi Kisumu, na mashine itatumika kutuma faili huko. Nimeapa mbele yake kwamba nitatuma majina yote. Nimepiga simu kujaribu laini. Aliyepokea anaitwa Sarah. Alisema "Haloo" mara mbili. Ile ya pili haikuwa lazima. Nimeanza hesabu.