Mazoezi ya Wiki Sita kwa Siku Moja

Jumatatu, 4 Machi
Pasi imeniponyoka tena. Mara ya tatu leo! Imetua kwenye shati la mteja, ikaacha alama mgongoni, kamili mpaka vitobo vya mvuke. Vidole vya kulia vina ganzi tangu nimeamka. Mama Bosi, mwenye hili duka la dobi, hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniuliza taratibu kama huo mkono ni wangu au nimeazima. Halafu akasema Ijumaa nilete karatasi kwamba nimepona, la sivyo meza yangu anapewa shemeji yake Kipara. Kipara ni wa meza ya pili. Alikuwa anakunja shuka, akacheka humohumo ndani ya shuka.

Jumanne, 5 Machi
Dada wa mazoezi kule kliniki anasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Dawa ni mazoezi. Kunja ngumi, nyoosha vidole, rudisha kiganja nyuma, vuta dole gumba. Mara kumi, kutwa mara tatu, polepole, wiki sita. Nilitaka kumwambia nina siku tatu tu. Kwa aibu nikasema asante. Akanifunga bendeji ngumu yenye bati. Nyumbani nikapiga hesabu: yote jumla elfu moja mia mbili na sitini. Basi! Kumbe kazi ya siku moja.

Jumatano, 6 Machi
Nimeanza kabla ya chai. Mia nne, safi. Mia nane na kitu, dada yangu akaingia kuuliza nampungia nani. Nikasahau nilipofika. Nikaanza upya.
Mkono umevimba kama mkate uliolowa. Kijiko sishiki. Dada kanilisha, huku akiuliza nani kanituma. Naandika kwa kushoto, kama kuku kaparua.

Alhamisi, 7 Machi
Wazo! Bendeji nimeihamishia mkono mzima, wa kushoto, nikaenda kliniki. Na bahati: dada wa mazoezi hayupo, yupo mzee wa zamu, hata faili hakusoma. Kaona bendeji, kanipa kidude cha kubana chenye mshale. Mshale ukagonga mwisho. Akaita wenzake waje waone! Mkono wa kulia mfukoni, unapwita. Akaandika kwenye faili na kwenye karatasi: mkono wa kushoto umepona kabisa. Muhuri, pwaa.

Ijumaa, 8 Machi
Mama Bosi kasoma "umepona" tu. Furaha yake ikaniponza: kanipa mapazia ya ukumbi na ile pasi nzito ya chuma. Kipara kaniletea mpaka mezani. "Karibu mzima, mdogo wangu!" Pazia la kwanza nimeunguza. La pili, pasi imemwangukia Kipara mguuni. Mama Bosi kasema kesho nilete karatasi kwamba bado naumwa, anitunzie meza nipumzike. Nisipoileta, nisionekane tena. Nilitaka kusema ukweli palepale. Nikasema nitaileta.

Jumamosi, 9 Machi
Sikulala. Nikimwambia yule mzee wa zamu kwamba mkono unaoumwa ni wa kulia, nitaonekana tapeli mbele ya wale aliowaita. Na faili linasema kushoto. Basi wa kushoto ndio uumwe. Tangu alfajiri nimebebea ndoo za maji, nimekamulia nguo za nyumba nzima, nikautumbukiza kwenye barafu. Dada yangu kasimama mlangoni, kashika kichwa, haulizi tena. Sasa hata huu hauhisi kitu. Kalamu naishika kwa mikono miwili.
Lazima niondoke sasa hivi. Kliniki wanafunga saa sita, na ganzi ya kushoto imeshaanza kuachia.