Bango la Mita Sita

Jumatano, 4 Juni

Tumefika ugenini salama. Salama ya mwili, si ya roho. Mke wangu na dada yake wamekuja kushindana: kuogelea ziwani karibu kilomita nne, kisha baiskeli kilomita mia moja na themanini, kisha kukimbia arobaini na mbili. Siku moja! Kwa hiari yao! Mimi nimekuja kushangilia. Kwa bahati mbaya mwanyumba naye amekuja kushangilia. Huyu ndiye mume wa huyo dada. Ni muuguzi. Mpole, mikono safi, hasahau kitu. Simpendi.

Tumepanga nyumba moja, vyumba viwili, ukuta mwembamba. Sijavua hata viatu, yeye kashakagua magurudumu ya baiskeli zote mbili. Zote! Ya mke wangu inamhusu nini? Mke wangu akamwita shemeji wa dhahabu. Mimi akaniambia nimekalia kofia yake ya kuogelea.

Alhamisi, 5 Juni

Niandike ukweli, maana humu hasomi mtu. Mwaka jana mke wangu alipomaliza mbio fupi za majaribio, nilimfungulia mikono. Akanipita. Akaenda kujitupa kwenye kiti cha kukunja cha mwanyumba na kumshukuru yeye kwanza. Mimi nilikuwa wa tatu, baada ya mgawa ndizi. Sijasahau. Safari hii lazima nishukuriwe wa kwanza.

Leo nimeanza kazi. Nilimwona mwanyumba akimkanda mkewe mashavu ya miguu, nami nikamkanda wangu. Nilikanda kwa mapenzi. Akapiga yowe. Mwanyumba akauliza, akiwa upande wa pili wa ukuta, kama ni msuli, akamwelekeza auinue mguu na avute pumzi. Maumivu yakaisha. Ananitibia mke bila hata kuingia chumbani!

Ijumaa, 6 Juni

Wazo! Mimi nina fani yangu bwana. Miaka kumi na minane nachora mabango, na mjini kwetu huwezi kununua hata sindano bila kupita chini ya herufi zangu. Muuguzi anajua kuandika nini? Vyeti vya dawa.

Nimenunua kitambaa cheupe na rangi, nikajifungia uani kutwa nzima. Mita sita! Herufi nyekundu zenye kivuli cheusi: SONGA MBELE MKE WANGU! MUMEO NIKO HAPA! Neno MUMEO nimelinenepesha kidogo. Chini, pembeni, nimeweka jina la karakana na namba yangu ya simu. Sikukusudia, mkono umezoea.

Shemeji, dada wa mke wangu, alipita kuanika taulo, akauliza mimi ninafanya nini. Nikamwambia ni shuka.

Jumamosi, 7 Juni

Nimezunguka njia ya baiskeli tangu asubuhi kutafuta pa kulitundika. Nimepapata! Kuna njia panda, huku barabara ya lami, huku ya kiwanda cha mbao, na katikati miti miwili. Mwendesha baiskeli akifika pale lazima ainue macho. Katika kazi yetu mahali kama hapo ni hazina. Kuna kibao kidogo tayari, kimechorwa mshale wa njano. Kazi mbovu mno, rangi imechuruzika. Nitakifunika tu.

Mezani mwanyumba aliuliza kesho nitasimama wapi. Nikajibu kwamba sijafikiria. Akasema yeye ameazima baiskeli ili awaone wote wawili mara nyingi iwezekanavyo. Wote wawili!

Jumapili, 8 Juni

Siku yenyewe. Nikasubiri shemeji apite kwanza, maana sikutaka mwanyumba anayemfuata aone bango akaniharibia. Walipopotea tu, nikalitundika. Kamba moja ikakatika kwa upepo. Nikalishika kwa nyuma, mikono juu, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Sikuona kitu ila magurudumu chini ya kitambaa. Yakaja! Nikapiga kelele hadi sauti ikakauka. Nilisikia mke wangu akiita, ni wapi, ni wapi? Nikajibu niko hapa! Yakaja magurudumu mengine, na mengine. Yote yalielekea kiwanda cha mbao. Nikadhani ndiyo njia.

Simu ikalia. Namba ya kigeni. Bwana mmoja akauliza kama bango lile ni kazi yangu. Nikavimba kichwa. Nikasema ndiyo, na kama ameipenda anataka la ukubwa gani? Akakata.

Hapo akatokea mwanyumba na baiskeli yake ya kuazima. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alilishusha bango, mshale ukaonekana, akawafuata wale watu huku akipiga filimbi. Ana filimbi! Nani husafiri na filimbi? Akarudi nao. Watu kumi na tisa, wa mbele kabisa mke wangu, uso umemwiva. Walikuwa wamefika hadi kwenye magogo. Amepoteza dakika ishirini na sita.

Lango la kumalizia mbio hufungwa saa tatu kamili usiku. Anayechelewa hata kwa sekunde hahesabiwi kuwa amemaliza. Miaka miwili mke wangu ameamka alfajiri kwa ajili ya lango hilo. Shemeji alifika mapema, akasimama nasi. Saa mbili na nusu, hayupo. Saa tatu kasorobo, hayupo. Nilisahau hata kumwonea gere mwanyumba, kwa kama dakika kumi hivi. Saa mbili na dakika hamsini na saba akajitokeza, anakokota mguu. Akapita! Nikalia mbele za watu.

Kisha akamshukuru mwanyumba kwanza.

Jumatatu, 9 Juni

Mke wangu amenisemesha. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi, nimeshika ndoo ya maji baridi, miguu yake imo ndani. Akasema hakuhitaji bango, hakuhitaji kukandwa. Njia nzima alikuwa anatafuta uso wangu tu. Pale njia panda alisikia sauti yangu, akatazama huku na huku, hakuniona, kumbe nilikuwa nyuma ya kitambaa. Akasema mwakani nisifanye kitu, nisimame tu mahali anapoweza kuniona.

Roho ilinilainika. Nikamwomba msamaha. Akaniegemea, akasema akipata nguvu atanipiga.

Ijumaa, 13 Juni

Nyumbani. Maneno yake nimeyatafakari siku nne karakanani, na sasa nimeyaelewa barabara. Anataka kuona uso wangu. Wangu peke yangu. Sasa atauonaje ikiwa mwanyumba yuko kila kona na filimbi?

Kwa hiyo nimemwandikia barua muuguzi mkuu wa hospitali yake. Nimemweleza kwamba mtu wa aina hii hapatikani, kwamba wagonjwa watateseka, na kwamba Juni ijayo asipewe likizo hata siku moja. Nimetaja upole wake, mikono yake, alivyowaokoa watu kumi na tisa bila kumgombeza aliyewapoteza. Kurasa mbili kamili za sifa. Nilipoisoma tena nilikaribia kutokwa na machozi. Nimeiposti saa nne.