Akina Mama wa Chupa ya Nne

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mwanangu Violet kaja kutoka chuoni. Mzima, ila kakonda. Kaja na hadubini, ile mashine ya kukuzia vitu, na chupa tisa za maji ya madimbwi yetu ya hapa Madibira. Kazipanga kwenye kabati la vyombo. Sahani zangu ziko chini ya kitanda.

Shahada yake ya pili ni juu ya vidude vya humo. Niliviita wadudu, akanirekebisha. Ni krasteshia, ndugu wa kaa na kamba, ila kila mmoja kama punje ya ulezi. Kaniambia niweke jicho. Mungu wangu. Punje ina nyumba ya magamba mawili, kama harage, na mwanga unapita. Ndani miguu inapiga, ndevu zinapiga makasia, jicho moja jeusi. Miaka ishirini na nane nachota maji haya. Nayapikia.

Violet anasema mababu zao walikuwa majini kabla Mlima Rungwe haujatoka ardhini. Nikatafuta pa kukaa.

Jumanne, 4 Machi
Leo nimefundishwa wanavyopangwa. Kundi kubwa wapo na kaa, ndani yake oda, ndani familia, ndani jenasi, mwisho spishi. Nikamwambia hata sisi ndivyo: kabila, ukoo, mji, kaya. Kafurahi.

Chupa ya saba ina majike na madume. Dume utamjua kwa nyuzi zilizokunjwa ndani yake. Ni mbegu zake, na moja ukiikunjua ni ndefu kuliko yeye mwenyewe. Nikaenda kuangalia maharage jikoni.

Niliporudi kaniambia ya chupa ya nne, wale wa dimbwi la njia ya ng'ombe. Aina ile ile, lakini wote majike. Miaka miwili kahesabu zaidi ya elfu mbili, hajaona dume. Mama anazaa binti bila baba, binti naye anazaa binti. Labda alikuja mama mmoja tu, akiwa yai lililokauka kwenye tope la kwato. Mayai yao hulala vumbini miaka, mvua ikija yanaamka. Nikakumbuka tulivyohama na ng'ombe kutoka Kahama. Labda tulikuja naye.

Nikauliza, sasa ukoo wanachukua wa nani kama baba hayupo? Violet kacheka, halafu kaliandika swali langu. Kasema ndilo hilo hilo analolitafuta: hawa wa nne bado ni spishi moja na wale wa saba, au wameshaanza kujitenga? Swali la mtu wa darasa la nne, limeandikwa kwenye daftari la chuo kikuu.

Jumatano, 5 Machi
Jirani yangu Severina kapita akitoka kanisani, majivu kwenye paji la uso. Kachungulia chupa. Kauliza kama mwanangu kasomea kufuga viluwiluwi vya mbu. Halafu, bila kuulizwa, kanikumbusha kuwa binti yake Happy kaolewa Ilula. Nikamwambia hawa wa kabatini wana ukoo wa zamani kuliko Ilula yote, na wanazaa bila mume. Kasema sawa Mama Violet, kumbe nyumba hii hata vya majini havijaolewa. Nikafunga kabati. Jibu nalitafuta hadi sasa.

Violet katoka kuchota maji mengine. Nikawatazama wale wa chupa ya nne. Akina mama wote wale, hakuna wa kuwaambia pole na kazi. Na pembeni, kwenye kisahani, madume ya chupa ya saba aliyoyatenga Violet yamekaa bure.

Kijiko cha chai. Watatu. Wameingia chupa ya nne kimya, kama wakwe wenye adabu. Nimejisikia mtu mwema mpaka jioni.

Alhamisi, 6 Machi
Violet kaona dume kwenye chupa ya nne. Halafu wa pili. Nilikuwa napepeta mchele, nikasubiri afurahi. Kaweka kalamu chini. Kasema kazi yake yote imesimama juu ya neno moja, kwamba dimbwi lile halina dume. Sasa lina. Basi miaka miwili alihesabu vibaya. Na mwalimu wake, Dokta Andendekisye, anakuja Jumamosi kutoka Mbeya kuamua kama kazi ipite au aanze upya. Kuanza upya hawezi, muda wake chuoni unaisha mwezi wa sita.

Nikamshauri asiwaandike hao wawili. Kanitazama. Kasema, mama, nilichokiona nimekiona.

Nani kamlea hivi? Mimi. Tabu ndiyo hiyo.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango wa kwanza: kuwatoa. Violet kajilaza mchana. Nikaweka jicho, nikapitisha kijiko. Chini ya ile mashine kijiko changu ni kama koleo la kubebea mchanga. Nimetoa majike wanne na kipande cha jani. Nimewarudisha na kuwaomba radhi.

Mpango wa pili: kumwandikia Dokta kwenye simu kuwa kosa ni langu. Lakini mtu mkubwa humrukii na kosa. Nikaanza: Shikamoo Dokta. Habari za nyumbani, mama watoto hajambo, watoto hawajambo, wazee wa Rungwe hawajambo? Huku kwetu Baba Violet, mzee Nkuba, hajambo, ni mgongo tu. Mwanangu Mwigulu hajambo, yuko Idodi kwa shughuli zake. Dada yake Sarah hajambo, na mtoto wake hajambo, ameota jino. Ng'ombe hawajambo. Jirani Severina hajambo. Violet hajambo. Hapo nikakwama, maana ni uongo. Kidole kikateleza, ikaenda. Dokta kajibu: Marahaba mama, nasi hatujambo, tutaonana kesho.

Nikaenda mwenyewe chumbani. Violet alikuwa anaandika kwamba matokeo yake ya nyuma si sahihi. Nikamweleza yote, nikaweka kijiko juu ya karatasi. Hakupaza sauti. Kauliza siku gani, kisahani kipi, wangapi. Nikasema watatu. Kasema kaona wawili. Kainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, halafu kweli akalia. Nimemshika mpaka akanyamaza.

Baba yake kauliza kuna nini humo. Nikamwambia harusi imevunjika.

Jumamosi, 8 Machi
Dokta kaja. Mrefu, hacheki. Violet kamweleza mbele yangu, hadi kijiko. Dokta kaniuliza kwa nini. Nikasema niliwaonea huruma. Kasema chupa ile haihesabiwi tena. Dimbwi lenyewe ndilo litasema.

Tukaenda, tope magotini. Wakachota sehemu kumi, wakarudi kuhesabu. Mimi nilishika kalamu, kila jike nachora mstari. Mia nne na kumi na wawili. Sijawahi kuogopa namba hivyo. Dume hakuna.

Dokta kaniita nimtazame wa mwisho. Tumboni amejaa mayai, ya rangi ya chungwa lililoiva, na miguu inaendelea na kazi. Nimetazama sana. Sikuona alichokosa.

Kazi ya Violet imepita. Dokta kasema dimbwi lile ni hazina, atakuja kulihesabu kila masika, na mtu yeyote asitie kitu mle.

Jumatatu, 10 Machi
Violet karudi Mbeya na chupa nane. Ya nne kaiacha. Kasema wale wawili kawatoa, ila humo bado kuna yule dume wa tatu, niyachemshe maji ndipo niyamwage, maana kukauka tu hakuwashindi. Kaniapisha nisiwaguse kwa kijiko tena. Nimeapa, na kiapo nimekitunza.

Lakini kuwachemsha. Watu waliotangulia mlima. Nimewasha moto, nimeuzima.

Nimebeba chupa nzima kwa mikono miwili, nikavuka njia ya ng'ombe, nikawarudisha dimbwini kwao. Kijiko sikuchukua. Yule dume, kama bado yumo, kapata makazi na mashemeji wa kutosha.

Nimemwandikia Violet: Mwanangu, umefika salama? Huku hatujambo, na sahani zimerudi kabatini. Wale wa chupa ya nne nao nimewafikisha nyumbani, wote, hakuna aliyebaki. Mwambie na Dokta, atafurahi. Nijibu upesi.