Wazee wa Bugembe Wananipenda

Jumatatu, 2 Machi 1987

Nimepata kazi. Kutunza wazee, kwenye ile nyumba nyuma ya soko la Bugembe, ya wale ambao vita iliwamalizia watoto. Lakini ni majaribio. Ijumaa anakuja Mama Gidudu, mkubwa wetu kutoka Mbale, achague mmoja: mimi au Geresom wa Buwenge. Atakayechaguliwa anapewa kazi ya kudumu na chumba cha mabati. Chumba nakitaka. Mpwa wangu Shamim, ambaye nalala sebuleni kwake, amesema mume wake anarudi Jumamosi, mjomba ajue pa kwenda.

Muuguzi Nabirye, msimamizi, ametusomea masharti. Bisha hodi, ungoje. Usimguse mzee bila kumwomba. Usipokee mali yake. Usimtishe. Nikamwambia hayo nayajua toka jeshini, nilikomvusha jenerali mzima mto Nile mgongoni na viatu vyake havikulowa. Geresom akasema alisikia nilikuwa mpishi. Ndiyo, jikoni. Lakini jiko la mstari wa mbele.

Jumanne, 3 Machi

Geresom hana mbinu. Anabisha kwa kidole, anangoja, anasalimia mpaka anauliza hali ya mihogo. Chai inapoa.

Mimi nimekuja alfajiri na buti zangu za kambini. Nikagonga kwa ngumi, na Kiswahili kile cha kifuani: fungua mlango, toka nje, panga mstari.

Matokeo ya ajabu. Mzee Kirunda, ambaye humaliza asubuhi nzima akitafuta fimbo, alitoka bila fimbo, mikono juu. Nikadhani anajinyoosha. Akanivulia saa yake. Nikamkumbusha masharti. Akaongeza redio. Nikapokea, maana kumkatalia mzee ni kumvunja moyo.

Akasema, "Afande, vijana mlishachukua wote. Hii ndiyo imebaki."

Nikamweleza kwamba mimi sichukui vijana, nachukua mashuka machafu. Akaitika, ndiyo afande. Nidhamu ya namna hiyo sijaiona tangu kambini.

Jumatano, 4 Machi

Mapenzi yanazidi. Bibi Babirye, ambaye Geresom humbembeleza mpaka mchana ndipo akubali kuoga, leo ameoga kwa amri moja. Kisha akanipa kuku wake.

Geresom akanivuta pembeni. Akasema, mzee Adrisi, hawa hawakupendi, wanakuogopa. Askari wenye Kiswahili hicho walikuwa wanakuja saa hiyo hiyo ya alfajiri, na waliokwenda nao hawakurudi. Nikamwambia wivu ni ugonjwa. Sisi Wanubi, wana wa jeshi toka babu zetu, tumekula na Kiswahili sahani moja, ni lugha ya udugu. Akajibu kwamba udugu haugongi mlango kwa buti.

Maneno ya mtu anayeona chumba kinamponyoka.

Alhamisi, 5 Machi

Nimelala vibaya. Nadhani ni yule kuku.

Nabirye ameona saa mkononi mwangu. Hakupiga kelele, na hilo ni baya zaidi. Amesema nirudishe kila kitu leo, na kwa adabu. Nikaenda kwa Mzee Kirunda, nikagonga, nikamwamuru achukue mali yake. Akakataa. Akasema hajawahi kuiba mali ya jeshi, nimwulize mtu yeyote. Nilivyozidi kumsogezea redio ndivyo alivyozidi kurudi nyuma, mpaka akakaa ndani ya beseni. Nikaiacha mlangoni, na saa juu yake. Akazifunika kwa shuka na hakutoka tena.

Haidhuru. Kesho nitawapanga getini kumpokea Mama Gidudu. Chumba nakiona.

Ijumaa, 6 Machi

Gari la Mbale liliposimama nikatoa amri kubwa kuliko zote. Hakutoka mtu. Nikafungua milango: vitanda vitupu. Walikuwa wametokea nyuma, wameingia kwenye miwa. Hata wale wawili ambao hawajasimama tangu Krismasi. Nikamwambia Mama Gidudu ajionee mwenyewe, tiba yangu imewatembeza. Hakuandika kitu.

Geresom akaenda ukingoni mwa shamba, akavua viatu, akakaa chini. Akaita taratibu kwa Kisoga, kodheyo jaja, kodheyo, kama unavyompokea babu au bibi aliyetoka safari. Wakatoka mmoja mmoja. Bibi Babirye akashika shati lake na hakuliachia.

Mama Gidudu akachuchumaa mbele ya Mzee Kirunda, akamwuliza anataka nani abaki. Mzee akanyoosha kidole kwangu. Nilitaka kulia.

Akasema, "Apewe huyu. Apewe chumba, apewe anachotaka. Ila asituue."

Mimi nikazitazama buti zangu. Kisha chumba akapewa Geresom. Yaani mtu anapigiwa kura mbele ya mashahidi, na bado ananyang'anywa.

Jumamosi, 7 Machi

Mume wa Shamim amefika. Ameketi mahali pangu.

Lakini Mungu si Athumani. Mama Gidudu amenipa kazi Mbale, kufua mashuka kwenye nyumba yao ya huko. Amesema nikae uani, nisikaribie mlango wa mzee yeyote. Nimemwelewa: mtu wa uzoefu hawekwi mlangoni, anawekwa akiba. Nikamsalimia kijeshi.

Nimesikia wazee wa Mbale ni wazito sana kuamka, kwa sababu ya baridi ya mlimani. Nimepita sokoni Jinja, nimenunua filimbi.