Boksi la Friji Uwanjani

Jumatano, 25 Aprili
Kiti ni changu. Kanisa linaunda kamati ya kuzipokea familia zilizofukuzwa makwao na vita, na mchungaji anatafuta mwenyekiti. Tunaokitaka kiti ni wawili: mimi, mwalimu mkuu mstaafu, na Norbert Lindahl, muuza matrekta mstaafu. Jumamosi tutalala uwanjani ndani ya maboksi, kila mtu na chupa moja ya maji na pakiti moja ya biskuti, ili mji uwakumbuke wakimbizi. Nilisimama, nikatangaza kwamba sitagusa kitu kingine hadi asubuhi, na atakayeshindwa asahau uenyekiti. Makofi! Norbert akaniuliza mbele za watu: je, mwalimu, huo mgongo wako una habari? Vicheko. Utovu wa adabu.

Alhamisi, 26 Aprili
Mgongo umepewa habari. Umekataa. Nimepata boksi la friji dukani, nikalitia sakafu ya pili. Chini yake: godoro jembamba la sponji, blanketi la sufu, chupa ya kahawa ya moto. Huu si udanganyifu. Ni maandalizi.

Ijumaa, 27 Aprili
Ardis, mke wangu, ameligundua boksi. Amesema nikikamatwa, Jumapili nikae benchi la nyuma peke yangu; yeye hanijui. Kisha akauliza nitakula nini, biskuti? Kesho atanipikia bakuli zima la nyama ya kusaga, uyoga na viazi juu yake. Nilikataa mara mbili, kama adabu yetu inavyotaka. Mara ya tatu nikakubali.

Jumamosi, 28 Aprili, jioni
Uwanjani. Mvua imechanganyika na theluji. Maboksi sitini. Langu ni kasri. Norbert ana boksi la televisheni. Miguu iko nje hadi magotini. Nimemhurumia kwa sauti kubwa. Bakuli lina joto chini ya mbavu zangu. Nitakula wakishalala.

Jumapili, 29 Aprili
Niko hai. Niandike kwa utaratibu.

Saa tano usiku ililia filimbi. Bi Mu Paw, mama mkimbizi wa kabila la Wakareni aliyefika hapa mwaka jana baada ya miaka kumi na minane kambini, alipanda juu ya benchi. Akasema vita haipigi hodi: inukeni, acheni kila kitu, kimbilieni upande wa pili, mtalala katika boksi la mwenzenu. Hatukuambiwa! Nililing'ang'ania boksi langu. Mchungaji akanibandua vidole, kimoja baada ya kingine, kwa upole.

Boksi likamwangukia nani? Norbert! Mimi nikapata lake.

Nililala nikisikiliza. Kwanza aliguna kwa raha. Kisha akanusa. Kisha sakafu ikapasuka. Akatoka na bakuli akilinyanyua kama kombe, akipiga kelele: jamani, humu mna hoteli! Nikapaza sauti kwamba mwenye aibu hii ajitokeze mara moja. Kosa. Norbert akamulika chini ya bakuli kwa tochi, akausoma utepe: Ardis Tollefson. Wanawake wa kanisa letu hubandika majina chini ya mabakuli yao yote, yasipotee siku za kula pamoja. Nimeliosha bakuli lile kwa miaka arobaini na sita. Sikukumbuka!

Nikakiona kiti kikienda. Nikaliona benchi la nyuma.

Bi Mu Paw akaja, akafunua, akaangua kicheko hadi akashika mbavu. Akasimulia kwamba usiku waliokimbia, mama yake alificha mchele ndani ya mbeleko ya mtoto, akawaapia majirani kwamba hana hata punje. Akasema wengine wote uwanjani wamekuja kama watu wanaokwenda matembezini. Huyu mzee peke yake ndiye aliyekimbia kama sisi. Ila kilichofichwa kikionekana, mzee wangu, ni cha wote. Leteni vijiko!

Norbert alikula vijiko vinne. Mimi kimoja. Sijawahi kula kitu kitamu namna ile. Nikarudi katika boksi la televisheni, miguu nje, nikalala fofofo. Asubuhi Ardis alikaa nami benchi la mbele, ingawa alinifinya wakati wa sala.

Jumatatu, 30 Aprili
Nimechaguliwa! Bi Mu Paw alimwambia mchungaji kwamba wageni watakuja na njaa, hivyo anamtaka mwenyekiti anayeiogopa njaa. Norbert ni makamu. Kumbe nilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Nimekwisha kuandika kanuni za mwaka ujao. Ya kwanza: kuficha chakula ni marufuku, maana si kila mtu ana uadilifu wa kukificha ipasavyo. Ya pili: kila boksi litakaguliwa langoni. Ya tatu: mkaguzi ni mwenyekiti. Ya nne: boksi la mwenyekiti halikaguliwi wala halihamishwi.

Nimempigia simu mwenye duka. Anasema kuna friji ya milango miwili inakuja.